ALAMA ZA HATARI KATIKA MAGARI YA MIZIGO

Wakati wa kupiga dawa pamba na kahawa unapofika, wakulima wengi hupakia dawa katika lori moja na magunia ya unga. Hili ni jambo la hatari kubwa. Mwaka 1967, katika mji wa Chiquinquirá, nchi ya Kolombia, dawa ya wadudu iitwayo parathioni ilivuja ndani ya gari ikaingia katika unga wa ngano. Unga ule ukaokwa mikate. Makumi ya watu walikufa, wengi wao watoto.

Ndiyo sababu vyombo vya sumu hutiwa alama, na gari lichukualo sumu nyingi huwekewa alama ile ile kwa ukubwa zaidi. Ni mraba uliosimama juu ya pembe yake, na kila upande wake usipungue sentimita 25. Fuvu la kichwa na mifupa miwili, juu ya rangi nyeupe, ni sumu. Mwali wa moto juu ya rangi nyekundu ni petroli au kitu kama hicho. Mwali juu ya duara, rangi ya manjano, ni kitu kiupacho moto nguvu, mathalani mbolea ya amonia naitreti. Usiipakie pamoja na mafuta wala majani makavu.

Malori mengi ya tangi huwa pia na kibao cha rangi ya machungwa chenye namba mbili. Ya juu hueleza hatari, ya chini hutaja kitu chenyewe: 33 na 1203 ni petroli. Lori likipinduka, usiende na debe kukinga mafuta. Mjini Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto wa namna hiyo. Simama mbali, upande upepo utokako, kisha uwape polisi habari na namba ulizozisoma.

Chupa mbili tatu za mkulima kwa kawaida hazilazimishi gari kuwekewa alama, lakini sumu ni ile ile. Zifunge barabara, uzitie katika sanduku mbali na chakula na abiria. Usibandue karatasi ya chupa, wala usihamishie dawa katika chupa ya soda. Ikimwagika, ifunike kwa mchanga au udongo mkavu. Usiioshe kuelekea mtoni. Gunia la unga lililolowa dawa lisiliwe na mtu wala kuku, hata likianikwa juani.