SOMO LA TISA: MSHAHARA WA WASTANI

Bila shaka umewahi kusikia kwamba mishahara ya Dar es Salaam ni mikubwa kuliko ya Lindi. Huenda kijana wako anataka kuondoka Kilwa kwa sababu hiyo. Kabla hajafunga mzigo, kaeni mpige hesabu.

Wastani ni nini?

Jumlisha mishahara ya watu wote. Kisha gawanya kwa idadi yao. Jibu ndilo wastani.

Mwaka 2013 Serikali ilitangaza kima cha chini cha mshahara. Mfanyakazi wa shamba alipangiwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Mfanyakazi wa kampuni ya kimataifa ya nishati alipangiwa shilingi 400,000. Viwango hivyo vimepandishwa baadaye, lakini vinatufaa kwa kujifunza.

Chukua wafanyakazi wanne wa shamba la mikorosho na mmoja wa gesi. Jumla ni shilingi 800,000. Gawanya kwa 5. Wastani ni shilingi 160,000. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyepokea 160,000!

Tena, mvuvi, mkulima wa ufuta na mama anayeuza pweza hawamo katika hesabu hii. Wao hawakuajiriwa.

Kwa nini mikoa hutofautiana?

Tangazo lile halikupanga mshahara kwa mkoa. Lilipanga kwa aina ya kazi. Dar es Salaam ina bandari, mabenki na viwanda vingi, kwa hiyo wastani wake hupanda. Tazama gesi yetu. Mwaka 2004 ilianza kupita katika bomba kutoka kisiwa cha Songo Songo hadi Dar es Salaam. Huko iliendesha mitambo ya umeme ya Ubungo na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Visima viko Kilwa, bali viwanda viko mjini.

Kinachobaki

Huu ni mfano tu. Kijana aliyeko mjini analipwa 200,000. Chumba 50,000, chakula 90,000, nauli 30,000, maji na umeme 10,000. Kinabaki 20,000.

Mwenzake wa Kilwa Masoko analipwa 120,000. Analala kwao, na muhogo anachimba shambani kwao. Chakula 60,000, mengineyo 20,000. Kinabaki 40,000.

Hatusemi vijana wasiende mjini. Wako waliokwenda wakafanikiwa. Tunasema waulize kwanza: Ni kazi gani? Mshahara kiasi gani? Nitabakiwa na nini? Tena wasome mkataba wote kabla ya kutia sahihi. Wewe sasa unajua kusoma. Usome pamoja nao.

Maswali

1. Watu watatu wanalipwa 90,000, 110,000 na 250,000. Wastani ni kiasi gani?
2. Nani kati yao anapata mshahara unaofika wastani huo?
3. Zungumzeni darasani: Kazi gani za mshahara zipo katika kijiji chenu?