Waketio Katika Mkutano wa Chakula na Kilimo wa Afrika

Mkulima asikiapo ya kwamba mawaziri wa nchi nyingi wamekusanyika katika mji wa mbali ili kuzungumza habari za mahindi, ng'ombe na samaki, huuliza moyoni mwake, "Je, ni nani aliyekwenda huko kunisemea mimi?" Swali hilo ni la haki, na leo twapenda kulijibu kwa taratibu. Tutaeleza habari za Mkutano wa Kanda ya Afrika wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, liitwalo kwa kifupi FAO: ni nani wanaohudhuria, ni nani wenye haki ya kuamua, na ni nani wasikilizwao tu. Atakayefahamu tofauti hiyo atajua neno lake lipite njia gani ili lifike.

CHANZO CHAKE

Mwaka 1943, vita vikuu vikiwa bado vinaendelea, wajumbe wa serikali 44 walikutana Hot Springs, katika jimbo la Virginia, Marekani, wakashauriana jinsi watu watakavyopata chakula cha kutosha vita vikiisha. Shauri hilo lilizaa matunda tarehe 16 Oktoba 1945, FAO lilipoanzishwa katika mji wa Quebec, nchi ya Kanada. Tangu mwaka 1951 makao yake makuu yako Roma, Italia. Leo wanachama wake ni nchi 194 pamoja na Umoja wa Ulaya.

Walakini shida za mpunga wa Asia si shida za mtama wa Afrika. Kwa sababu hiyo dunia imegawanywa kanda, na kila kanda ina mkutano wake, ambao kwa desturi hukutana mara moja katika kila miaka miwili. Mkutano wa kwanza wa Afrika ulifanyika Lagos, Nigeria, mwezi wa Novemba 1960, mwezi mmoja tu baada ya nchi hiyo kupata uhuru. Siku zile Tanganyika, Uganda na Kenya zilikuwa bado chini ya utawala wa Uingereza, wala hazikuwa na viti vyao wenyewe. Tanganyika ilijiunga na FAO mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Kenya mwaka 1964. Tangu hapo mkutano umezunguka nchi nyingi: ulikuwa Nairobi mwaka 2008, Khartoum mwaka 2018, Malabo mwaka 2022, na Rabat mwaka 2024. Mwaka 2020 mwenyeji alikuwa Zimbabwe, lakini kwa ajili ya maradhi ya korona wajumbe walizungumza kwa njia ya mitambo, kila mtu akiwa kwao.

MAKUNDI MANNE YA WAHUDHURIAO

Kundi la kwanza ni Wanachama, yaani serikali za nchi za Afrika zilizojiunga na FAO. Hao ndio wenye mkutano. Kila serikali hutuma ujumbe wake, na kwa kawaida kiongozi wake ni waziri wa kilimo, au wa mifugo, au wa uvuvi, pamoja na mabingwa wa wizara na balozi wake aliye Roma. Nchi kubwa na nchi ndogo zina haki sawa: nchi ndogo ya visiwa vya Shelisheli ina kiti kimoja, na Nigeria yenye watu wengi kupita nchi zote za Afrika ina kiti kimoja vile vile.

Kundi la pili ni watumishi wa FAO. Yupo Mkurugenzi Mkuu, na yupo mwakilishi wake wa Afrika, ambaye ofisi yake iko Accra, Ghana. Hao huandaa karatasi za mashauri, hueleza kazi zilizofanyika, na hujibu maswali. Lakini hawaamui neno. Karani aandikaye vitabu vya chama anaweza kuyajua mambo ya chama kuliko wote, lakini chama si chake.

Kundi la tatu ni watazamaji. Humo mna nchi za kanda nyingine, mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika, na jumuiya za nchi jirani. Hao huketi, husikia, na hupewa nafasi ya kusema baada ya Wanachama; lakini hawamo katika kukata shauri.

Kundi la nne ni watu wasio wa serikali: vyama vya wakulima wadogo, wafugaji na wavuvi, na pia wafanya biashara. Mara nyingi vyama hivyo hufanya mashauriano yao kabla ya mkutano, kisha humchagua mmoja wao kuwasomea mawaziri tamko lao. Hao nao ni watazamaji. Tamko lao laweza kuugusa moyo wa waziri, lakini haliwi azimio mpaka serikali zenyewe zilikubali.

JINSI KAZI INAVYOKWENDA

Kwanza hukutana maofisa, watu wa kazi, wakayachambua mambo moja moja. Baadaye huketi mawaziri. Huchaguliwa mwenyekiti, makamu wake, na mwandishi wa kutunza habari za mkutano. Maneno hufasiriwa papo hapo katika lugha kadha wa kadha, zikiwamo Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, ili mjumbe wa Senegal asikilizane na mjumbe wa Zambia. Kwa kawaida hawapigi kura; hujadiliana mpaka wapatane. Mwishoni ripoti husomwa, hutengenezwa, na hukubaliwa.

Ripoti hiyo haiishii hapo. Yahusuyo mipango ya kazi na fedha hupelekwa kwenye Baraza la FAO huko Roma, lenye wajumbe 49. Na yahusuyo siasa ya kilimo kwa jumla hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Wanachama wote. Ndivyo neno lililosemwa Rabat au Khartoum linavyoweza kubadili kazi itakayofanywa na FAO katika miaka ifuatayo.

FUNDISHO LA SOTOKA

Wapo watakaosema, "Maneno ya mkutano hayajazi ghala." Basi na tutazame habari ya sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe ulipoingia Afrika ya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ulifyeka makundi ya Wamasai na ya wafugaji wengine, na njaa kuu ikafuata. Baada ya miaka mingi chanjo bora ilipatikana Muguga, Kenya, kwa kazi ya Bwana Walter Plowright na wenzake. Mwaka 1962 serikali za Afrika zikaanza kazi ya pamoja ya kuchanja ng'ombe, ikaendelea hata mwaka 1976, na ugonjwa ukapungua mno.

Hapo nchi zikadhani ya kuwa adui amekufa, zikalegea. Katika miaka ya kwanza ya 1980 sotoka ikarudi kwa ukali, ikaua ng'ombe wengi toka magharibi hata mashariki ya Afrika, ikawa hapana budi kuanza upya. Ndipo mwaka 2011 ilipotangazwa ya kwamba sotoka imekwisha katika dunia nzima.

Kazi hiyo ilifanywa na serikali na mashirika mengi, wala haikuwa tunda la mkutano mmoja. Lakini yatufundisha mambo mawili. La kwanza, ng'ombe na nzige hawajui mipaka, basi majirani wasiposhauriana, bidii ya mmoja hupotea bure. La pili, kukubaliana ni nusu ya kazi tu. Mjumbe aliyerudi kwao akaifungia ripoti kabatini hakupita yule asiyekwenda.

NJIA YA NENO LAKO

Sasa tulirudie swali la mkulima. Anayemsemea kule ni serikali yake kwanza, na chama chake baadaye. Kwa hiyo njia ziko mbili, na yafaa kuzitumia zote.

Njia ya kwanza yaanzia kwa bwana shamba au bwana mifugo, ikapita wilayani hata wizarani. Na pia kwa diwani na mbunge. Njia ya pili ni ya vyama. Tanzania, kwa mfano, kuna MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa mwaka 1993. Mkulima aliye peke yake hana njia hiyo ya pili.

Tena neno na lipelekwe mapema, kwa maana mambo ya kuzungumzwa huandikwa kabla wajumbe hawajafunga safari. Na liwe neno lenye kipimo. Viwavijeshi vamizi vilionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, na Khartoum mwaka 2018 habari zake zilikuwa mezani. Wizara itawezaje kueleza hasara ya nchi yake, ikiwa hakuna kijiji kilichoandika? Usiseme tu, "Tumepata shida." Sema viwavi viliingia mwezi gani, ekari ngapi ziliharibika, na magunia mangapi yalipungua. Na mkutano ukiisha, muulize diwani na mbunge wako, "Nchi yetu ilikubali nini kule, na limefanyika lipi?"

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Si kila mkulima awezaye kwenda Rabat. Lakini hesabu ya shamba lake yaweza kufika, akiiandika na kuipeleka.

MASWALI

1. Ni kundi lipi katika yale manne lenye haki ya kukata shauri?
2. Kwa nini tamko la vyama vya wakulima haliwi azimio lenyewe?
3. Sotoka ilirudi kwa sababu gani katika miaka ya 1980?
4. Katika kijiji chako, ni nani aandikaye hasara ya mazao, naye humpelekea nani?