SOMO LA AFYA: UVIMBE WA SHINGO USIOUMA



Mtu akitokewa na uvimbe shingoni, wengi wetu husema, "Ni matezi tu, yataisha." Anachanjwa kwa wembe ama anapewa dawa ya miti. Mara nyingi uvimbe huletwa na koo, jino bovu au TB. Lakini wakati mwingine ni saratani, na kila mwezi unaopotea unaipa nafasi ya kuenea.

1. Saratani iliyojificha

Shingoni kuna tezi zinazonasa maradhi kutoka mdomoni, kooni na puani. Saratani inaweza kuanza mahali padogo, kama ndani ya tonsili, kwenye shina la ulimi au nyuma kabisa ya pua, kisha ikaingia kwenye tezi. Mgonjwa anaona uvimbe wa shingo tu. Ukitibu shingo peke yake, umekata magugu na kuacha mizizi.

2. Virusi viwili

EBV iligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa wagonjwa kutoka Uganda. Hupitia kwa mate, na karibu kila mtu huipata, wengi wakiwa watoto. Ni wachache sana wanaopata saratani, na hiyo mara nyingi huanzia nyuma ya pua.

HPV hupitia kwa kukutana kimwili, hata kwa mdomo. Saratani yake ya koo huanzia kwenye tonsili au shina la ulimi. Inaweza kutokea miaka mingi baadaye, kwa hivyo tusimnyoshee mgonjwa kidole.

3. Nenda hospitali ukiona

- Uvimbe shingoni uliozidi wiki tatu, hasa ukiwa mgumu na hauumi.
- Pua kuziba au kutoa damu upande mmoja.
- Sikio moja kutosikia vizuri.
- Koo kuuma upande mmoja, sauti kukwaruza, au shida ya kumeza.

4. Daktari atafanya nini?

Ataangalia mdomo, kisha pua na koo kwa mrija mwembamba wenye taa. Atavuta chembe za uvimbe kwa sindano nyembamba. Usikubali mtu akupasue shingo kijijini, kwani jambo hilo linaweza kuharibu matibabu ya baadaye. Chembe zitapimwa TB na saratani. Zikiwa za saratani, maabara kubwa inaweza kutafuta alama za virusi. Alama ya EBV humwelekeza daktari nyuma ya pua. Ya HPV, kwenye tonsili na ulimi. Hapo mgonjwa hupigwa picha, na pengine tonsili hutolewa ili zipimwe.

Ukipewa dawa za TB na uvimbe uzidi kukua, usinyamaze. Rudi uulize kama chembe zilipimwa.

5. Matibabu

Saratani ya EBV hutibiwa zaidi kwa mionzi, mara nyingi pamoja na dawa za saratani. Ya HPV hutibiwa kwa mionzi au upasuaji, na kwa kawaida husikia dawa kuliko ile ya sigara. Hata ikiwa imefika shingoni, wengi hupona. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba.

6. Kazi ya kikundi

Wiki hizo saba ndizo huwashinda wengi, kwa sababu ya nauli na mahali pa kulala. Wekeni mfuko wa wagonjwa kabla shida haijabisha hodi. Kila mmoja ajiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wasichana wapelekwe chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchini 2019 kwa wenye miaka 10. EBV haina chanjo. Tuache sigara na tupunguze pombe.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani kati yetu ana uvimbe ambao hajauonyesha kwa daktari?
2. Mwanachama akitumwa Nairobi au Eldoret kwa mionzi, nani atabaki na watoto na ng'ombe wake?
3. Tutaanza kuchanga pesa ngapi, na lini?

"Mchukuliane mizigo," Neno latuambia. Mungu awabariki.