Siri ya Mgonjwa na Heshima ya Wazee

Mwuguzi haanzi kufundishwa siku anapoingia chuoni. Kabla ya kupewa kitabu chochote, amekwisha kufundishwa kwao: kuinama akimwamkia mkubwa, kutomjibu kwa ukali, kumsitiri mwenye aibu, kumpelekea uji jirani asiyejiweza. Malezi hayo twayasifu. Binti wa Kiha aliyelelewa hivyo atamwosha bibi kizee kwa staha ambayo hakuna mtihani uwezao kuipima.

Lakini malezi hayo hayo yana mahali pagumu. Katika mitaa kama Kasingirima, mwuguzi na mgonjwa hukutana sokoni, kanisani na arusini. Baba mkubwa wa mgonjwa aja, aketi, aulize: "Mwanangu, huyu ana ugonjwa gani?" Chuo kilimwambia anyamaze, nyumbani alifundishwa kwamba mzee akiuliza hujibiwa. Afanyeje?

Wako wasemao kwamba Mwafrika hana siri mbele ya ukoo wake, na kwamba kutunza siri ni desturi ya Wazungu. Hatukubali. Ni kweli, kiapo cha wauguzi chenye jina la Florence Nightingale kilitungwa Marekani mwaka 1893. Lakini je, wakunga wetu wa jadi waliyatangaza barazani mambo ya uzazi? Hata mganga wa mitishamba aliyepayuka hakurudiwa na watu. Tena Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 yaamuru majibu ya kipimo yawe siri, isipokuwa kwa wachache iliowataja, na baba mkubwa wa mtu mzima hayumo.

Neno moja likivuja, mama mjamzito wa nyumba ya pili ataogopa kupimwa, na mtoto aliye tumboni, ambaye dawa zingeweza kumkinga, huenda akaambukizwa.

Hatumshauri mwuguzi amwonyeshe mzee mlango, la hasha. Na ampe kiti, aitikie salamu zote, hata zile ndefu, kisha aseme kwa upole: "Baba, habari hizo ni zake mwenyewe; nitamwuliza kama yu radhi." Lakini wakuu wa wodi nao wasimwachie binti wa miaka 22 mzigo huu peke yake. Mgonjwa na aulizwe mapema, akiwa faraghani, ni nani apewe habari zake, na jina hilo liandikwe katika faili kabla ya wageni wa jioni kufika.