Ugumu wa Jiwe, wa Maji na wa Moyo



Juzi mtoto wa Shule ya Jumapili aliuliza kwa nini birika la kwao lina utando mweupe ndani, ilhali mama huliosha kila siku. Akajibiwa kwamba maji ya huku ni magumu. Akacheka: maji yanawezaje kuwa magumu nasi tunayanywa? Swali lake ndilo somo letu la leo.

1. Ugumu wa jiwe

Mwaka 1812 Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini kutoka Ujerumani, alipanga madini 10 kwa ugumu wake. Kipimo chake ni rahisi: jiwe linalokwaruza jingine ndilo gumu zaidi. Namba 1 ni talki, inayosagwa kuwa poda. Hata ukucha huikwaruza. Namba 10 ni almasi, kama zile za Mwadui kule Shinyanga. Lakini almasi hiyo ukiipiga nyundo, inaweza kupasuka. Msumari wa chuma ni laini kuliko almasi, ila ukipigwa hupinda tu. Basi ugumu ni kutokwaruzwa. Si sawa na uimara.

2. Ugumu wa maji

Mvua inapoanguka, maji yake ni laini. Yakipita ardhini kwenye miamba ya chokaa, ambayo ni mingi hapa kaskazini mwa Texas, huyeyusha kalisi na magnesi na kuvibeba. Hayo ndiyo maji magumu. Hapa Richardson maji yetu hutoka North Texas Municipal Water District, ambayo husafisha maji ya Ziwa Lavon na maziwa mengine. Ugumu wake si uchafu wala sumu. Ila sabuni haitoi povu vizuri, na maji yakichemshwa, chokaa hubaki kwenye birika, tabaka juu ya tabaka.

Kwa hiyo maji hayakuzaliwa magumu. Ugumu wake ni kile yalichobeba njiani.

3. Ugumu wa moyo

Wengi wetu tumefika hapa baada ya safari ndefu. Wengine waliishi miaka kambini Nyarugusu au Kakuma. Wengine walizika wapendwa wao njiani. Wengine wanafanya kazi usiku kucha bohari, na wanalala watoto wakiwa shuleni. Tumebeba mawe yasiyoonekana.

Kiganja cha mwenye jembe huota sugu, na sugu humkinga. Lakini penye sugu hapahisi vizuri. Baba aliyejifunza kutolia ili aweze kuishi, leo hajui la kusema binti yake anapolia. Mtoto anasema, "Baba ana moyo mgumu." Baba anasema, "Mimi ni imara." Hapo tukumbuke almasi na nyundo.

Someni Kutoka sura ya 7 hadi ya 11. Kila pigo lilipopita na Farao akapata nafuu, alirudi kukataa, tabaka juu ya tabaka kama birika letu. Kisha someni Ezekieli 36, ambapo Mungu anaahidi kuondoa moyo wa jiwe na kuweka moyo wa nyama, yaani moyo unaohisi.

4. Tufanye nini?

Birika ukilikwangua kwa kisu, unaliharibu. Tia siki au maji ya ndimu, uache kwa muda. Chokaa italegea yenyewe. Mwenzako aliye mgumu usimkwangue kwa maneno makali. Kwanza uliza amebeba nini. Kaa naye, kula naye, omba naye. Na kama mgumu ni wewe, usione haya kusema, "Mwanangu, nisamehe, nilikuwa nimechoka."

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Watoto wetu wanakua haraka. Wiki hii, kabla ya kwenda kazini, muulize mtoto wako swali moja kuhusu siku yake, na umsikilize hadi amalize.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni jambo gani la safari yetu hatujawahi kuwasimulia watoto?
2. Kuna tofauti gani kati ya mtu mgumu na mtu imara? Toa mfano wa mtu unayemjua.
3. Ni nani tunayemkwangua kwa kisu, badala ya kumpa muda?

Mungu awabariki.