Khanga ya mgombea si hadiya

Mwanafunzi wangu aliniuliza: mama kapewa khanga na mgombea, je, si hadiya?

Ndugu Waislamu, Ibn al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka. Aliporudi Madina akatenga mali: hii yenu, hii nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) akahoji: angekaa nyumbani kwa wazazi wake, angeletewa?

Mizani ni hiyo hiyo. Bila kugombea, khanga ingefika kwa mama yule?

Sheria ya Tanzania iliruhusu takrima mwaka 2000. Mahakama Kuu ikaibatilisha 2006. Lakini mahakama haiingii majumbani mwetu. Uongozi ni amana. Mbunge aliyenunua kura hujiona hana deni. Tukimdai dawa za zahanati, atasema tulishalipwa. Naye ataulizwa na Allah, nasi tuliouza tutaulizwa.