Dondoo muhimu: Shule zikichelewa kufunguliwa Johannesburg

Januari 2021, wimbi la pili la UVIKO-19 lilisogeza siku ya wanafunzi kurudi katika shule za umma Afrika Kusini kutoka 27 Januari hadi 15 Februari. Mwalimu uliye ugenini, homa ya mlipuko isikukute hujajiandaa.

• Tofautisha tarehe. Mwaka ule walimu waliitwa kazini 1 Februari, wiki mbili kabla ya wanafunzi. Usikate tiketi kwa kufuata tarehe ya watoto.

• Uliza kuhusu mshahara. Shule ikifungwa, utalipwaje? Pata jibu kwa maandishi. Ukigombana na shule binafsi, tume ya usuluhishi ya CCMA haitozi ada.

• Kagua nyaraka. Kibali cha kazi na usajili wa baraza la walimu, SACE, visikuishie ukiwa likizo nyumbani.

• Pata chanjo ya mafua mapema. Msimu wa mafua huko kwa kawaida huanza Aprili au Mei, na kinga huchukua takriban wiki mbili kujengeka.

• Ukiugua, usiende darasani. Ukikosa kazi zaidi ya siku mbili mfululizo, mwajiri anaweza kudai cheti cha daktari.

• Weka akiba ya pango. Mwenye nyumba hasubiri shule ifunguliwe.